Bibi aliniuliza kama kompyuta imewahi kufika kwake

Hii ni mada niliyoitoa Jumamosi pale Mafiati hapa Mbeya, mbele ya mafundi, wanafunzi wa uhandisi na wenyeviti wa mitaa kadhaa. Watu wameniomba niiandike, basi nimeiandika kama nilivyoiongea, nimetoa tu zile dakika nilizokuwa nahangaika na projekta.

Shikamooni wazee wangu, mama zangu poleni na majukumu, vijana mambo. Nimeona kuna waliotoka Iringa wamekaa pale nyuma, kamwene. Na wenyeji wa hapa ndaga fijo kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kukaa kwenye viti vya plastiki.

Kwenye tangazo wameandika nitaongelea akili mnemba kwenye ujenzi. Sasa nisiwadanganye, sijaja na roboti. Mimi nimekuja kuongelea nyufa. Nyufa za ukutani, zile zinazoanzia kwenye kona ya dirisha zinapanda kwa mshazari mpaka kwenye linta, ambazo kila barabara ikijengwa mwenye nyumba anasema ni rola na mkandarasi anasema ulikuwepo tangu zamani, na mtendaji wa kata anabaki katikati hajui aandike nini.

Naanza na bibi mmoja. Mwaka 2019 nilikuwa fundi sanifu kwenye kazi moja ya barabara upande wa Mufindi, kampuni siitaji na barabara siitaji, na kosa ninalolisema hapa ni la kwangu mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kupita kwenye nyumba za kando ya barabara kupokea malalamiko. Nyumba ya bibi ilikuwa kama mita tisa kutoka kwenye tuta, matofali ya kuchoma, katikati ya matofali ni matope sio saruji, ila mbele kwenye baraza kijana wake alimpigia plasta ya saruji ili ipendeze. Ufa ulikuwa kwenye hiyo plasta, unaingiza ukucha.

Mimi nikafungua laptopu. Tulikuwa na programu tuliyopewa na mtu wa ofisini, unaingiza aina ya mashine, umbali, aina ya udongo, inakupa namba. Ikatoa 3.4. Nikamwambia bibi, kompyuta imepiga hesabu, hapa kwako mtetemo ni milimita 3.4 kwa sekunde na kiwango ni 5, kwa hiyo ufa haujatokana na rola. Bibi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hakunyanyua hata kichwa, akasema, "Mjukuu wangu, hiyo kompyuta imewahi kufika hapa?"

Nikacheka bana. Nikajaza fomu, nikaandika haihusiki, nikaondoka. Usiku nipo gesti Mafinga, baridi ile mnaijua, nikaanza kujiuliza hivi ile programu data zake zilitoka wapi? Nikampigia jamaa wa ofisini, naye hajui, kasema alipewa na mtu. Afu nikamuuliza kwa nini imesema 3.4 na sio 6, akanijibu, "ndo modeli ilivyosema." Yaani mimi nimeenda kwa mama mtu mzima nikamfungia malalamiko yake kwa namba ambayo hakuna mtu kwenye mradi mzima angeweza kuieleza imetoka wapi.

Sasa kwanza tuelewane hiyo milimita kwa sekunde ni nini, maana watu wengi wanadhani ni nyumba kusogea milimita tatu. Hapana. Rola ikipita na ile ngoma yake inatetemeka, ardhi inachezacheza, kila chembe ya udongo inaenda mbele inarudi, na tunachopima ni kasi ya hiyo chembe pale inapokuwa kali zaidi. Kifupi chake wahandisi wanaita PPV. Ardhi inaweza kusogea kiasi ambacho jicho halioni kabisa, ila kwa kasi. Na mawimbi mengi hayazami chini, yanatembea juu juu ya ardhi, ni mawimbi ambayo Mwingereza Lord Rayleigh aliyaeleza mwaka 1885, na hesabu za miaka ya 1950 zilionyesha kitu kikigonga ardhi kwa wima, kama theluthi mbili ya nguvu inaondoka kwa njia hiyo ya juu juu. Ndo maana inakufikia mpaka kwenye msingi wa nyumba hata kama msingi haujaenda chini sana, na nyumba zetu nyingi msingi wenyewe ni mawe mistari miwili mitatu, tusifichane.

Binadamu anahisi mtetemo mapema mno. Viwango vya Uingereza vinasema kwenye nyumba ya kuishi mtu anaanza kuhisi kwenye milimita 0.3 kwa sekunde hivi, na ikifika 1 tegemea malalamiko. Lakini kiwango cha Ujerumani cha kulinda nyumba ya kawaida isiharibike kinaanzia 5 kwa mitetemo ya taratibu, na 3 kwa majengo ya kale. Kwa hiyo kuna nafasi kubwa kati ya pale mama anapohisi vyombo vinalia kabatini na pale ukuta unapoweza kupasuka, na ndani ya hiyo nafasi ndo ugomvi wote unapoishi. Mama anasema nimehisi, ni kweli kahisi. Injinia anasema haifiki kiwango, inawezekana ni kweli haifiki. Wote wanasema ukweli na wote wanaitana waongo.

Afu viwango vyenyewe havikubaliani. Mtetemo wa 10 kwenye nyumba ya kuishi, mitikisiko minne au mitano kwa sekunde, Mjerumani anakwambia umezidi mara mbili, Mwingereza yeye kwenye mitikisiko minne anaanzia 15, anakwambia endelea na kazi. Hata nchini kwetu tuna kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, wenyeviti wa mitaa hizo zitafuteni mzisome, msingoje mpaka mtu aje na laptopu kama mimi.

Njia ya zamani ya kukisia mtetemo ni fomula. Mamlaka ya usafiri wa umma ya Marekani ina mwongozo wenye jedwali: rola ya kutetemesha ikiwa mita 7.6 kutoka kwako wanakupa kama 5.3, lori lenye mzigo kama 1.9, nyundo ya kupigilia nguzo kama 16. Umbali ukiongezeka mara mbili, mtetemo unabaki theluthi na kidogo. Basi. Ni fomula nzuri kwa kuanzia, inaingia kwenye kalamu na karatasi, na mtu akikuuliza kwa nini umesema 2 unamwonyesha mstari kwa mstari.

Shida yake ni kwamba haijui unasimama wapi. Udongo mfinyanzi uliolowa na mchanga mkavu kwake ni karibu sawa. Haijui chini ya mita mbili kuna mwamba unaorudisha mawimbi juu, haijui dereva ameweka mtetemo wa juu au wa chini, haijui kama rola imesimama hapo hapo ikazimwa. Na hili la kuzimwa ni la muhimu mafundi, lishikeni. Rola ikiwa kazini inatetemeka mara 30 hivi kwa sekunde, nyumba yako ya chini inapenda kucheza kwenye mara 4 mpaka 12. Hazikutani. Ila dereva akiwasha au akizima mtetemo, ile ngoma inapita kwenye kila namba kuanzia sifuri mpaka 30 au kurudi, na ikipita pale kwenye namba ya nyumba yako nyumba inaitikia. Ndo ile unasikia imepita kimya kimya afu ghafla mwishoni bati zinalia, kumbe kazima mbele ya mlango wako.

Sasa hapo ndo inaingia mashine kujifunza. Badala ya sisi kuandika fomula, tunaipa kompyuta maelfu ya vipimo, kila kimoja kina umbali, uzito wa rola, udongo, unyevu, kina cha mwamba, na mtetemo uliopimwa kweli, tunaiambia tafuta mwenyewe uhusiano. Njia mojawapo inayotumika sana wanaita msitu, na hapa sio ule wa mbao wa Sao Hill kule Mufindi, ni msitu wa miti ya maswali. Mti mmoja unauliza umbali ni chini ya mita 10? Ndiyo. Udongo umelowa? Hapana. Unakwenda hivyo mpaka unafika kwenye namba. Unaotesha miti mia kadhaa, kila mmoja unaupa sehemu ya data tu ili isifanane, unachukua wastani wa majibu yao. Leo Breiman aliliandika hili mwaka 2001. Ikaja nyingine mwaka 2016, XGBoost, ya Tianqi Chen na Carlos Guestrin, hiyo miti inapandwa mmoja baada ya mwingine na kila mpya unasahihisha makosa ya waliotangulia. Kwenye data za kwenye jedwali kama hizi zetu zinafanya vizuri kuliko fomula, hilo sibishi.

Lakini miti mia tano huwezi kuisoma. Bibi akiuliza kwa nini 3.4, jibu lipo ndani ya maswali elfu kumi. Tumetoka kwenye fomula inayojieleza ila haijui udongo, tumeenda kwenye mashine inayojua udongo ila bubu.

Kuna watu waliiona hii shida wakaenda kuchukua dawa kwenye uchumi. Naomba mnisikilize hapa na viazi. Tuseme dada mmoja ana viazi Uporoto, akiviuzia shambani peke yake anapata faida laki moja. Kuna jamaa ana Fuso, akibeba vitu vingine peke yake anapata elfu arobaini. Wakiungana wakashusha mzigo Dar wanapata laki tatu. Mgawane vipi? Mwenye viazi anasema bila mimi hamna kitu, mwenye Fuso anasema bila mimi vingeozea shambani. Mmarekani mmoja mwanahisabati, Lloyd Shapley, mwaka 1953 akasema hivi: angalia kila mpangilio wa kuingia kwenye biashara. Dada akiingia wa kwanza ameleta laki moja, akiingia wa pili akamkuta Fuso na elfu arobaini zake ameongeza elfu 260. Wastani wa 100 na 260 ni 180. Fuso akiwa wa kwanza 40, akiwa wa pili ameongeza 200, wastani 120. Dada achukue laki na themanini, Fuso laki na ishirini, jumla laki tatu, hakuna shilingi iliyopotea wala iliyozidi. Shapley alikuja kupewa Nobel ya uchumi mwaka 2012, zaidi ya nusu karne baadaye, uvumilivu jamani.

Mwaka 2017 Scott Lundberg na Su-In Lee wakatoa njia inaitwa SHAP, wakachukua huo mgawanyo wa Shapley wakauingiza kwenye modeli. Wanaogawana sio watu tena, ni umbali, udongo, uzito wa rola, unyevu. Na kinachogawanywa sio faida, ni namba ya mtetemo. Kwa vitu vitatu unaweza kupiga kwa mkono, kwa vitu 10 mipangilio ya kuingia ni 3,628,800, kwa hiyo kuna njia za mkato, na kwa modeli za miti njia ya mkato ipo ya haraka sana.

Sasa fikiria nimerudi kwa bibi na kitu kama hicho, namba hizi natunga tu za mfano. Ningemwambia, bibi, nyumba zote zilizopimwa wastani ni 2. Kwako kwa sababu upo mita tisa, imeongezeka 2.1. Udongo wako umelowa, imeongezeka 0.6. Dereva aliweka mtetemo wa chini, imepungua 0.9. Jumla 3.8. Hapo bibi ana kitu cha kushika. Anaweza kunijibu, "nani kakwambia dereva aliweka wa chini? Mimi nilikuwa hapa barazani, hiyo mashine ilikuwa inapiga mpaka kuku wanakimbia." Na hapo hapo zile 0.9 zilizopungua zinakuwa na utata, naenda kuuliza kwenye daftari la dereva, kama ni kweli namba inapanda. Kabla ya hapo bibi hakuwa na pa kunishika, nilimwekea ukuta akabaki anauangalia.

Na sio bibi tu anayefaidika, hata sisi tunaotengeneza hizi modeli. Naomba niwape kisa hiki maana mimi ndo kilinifanya niamini hii kazi. Baadaye nilikuja kusaidia kijana mmoja mwanafunzi kukusanya vipimo vya rola kwenye kazi tofauti, tukafundisha modeli, ikafanya vizuri tu, makosa madogo, tukafurahi tukaagiza chipsi kuku. Tulipoifungua kwa hiyo SHAP tukakuta kituko. Kwenye zile mita za karibu kabisa, umbali mfupi ulikuwa unapunguza mtetemo. Yaani modeli inaamini ukikaa karibu zaidi na rola uko salama zaidi! Tukakaa tunaangaliana. Jibu tukalipata kwa dereva mwenyewe, mzee mmoja wa makamo, akatuambia kwa utulivu kabisa, "wanangu, mimi nikifika karibu na nyumba huwa nazima vaibresheni, napitisha kama chuma tu." Kumbe! Vipimo vyote vya karibu vilikuwa vya rola iliyozimwa, na sisi kwenye jedwali hatukuweka safu ya imewashwa au imezimwa. Modeli haikukosea hesabu, ilijifunza huruma ya dereva ikadhani ni tabia ya ardhi.

Sasa fikiria modeli hiyo inapelekwa kwa dereva mwingine ambaye hana muda na nyumba za watu. Ingemwambia pita tu mita tatu kutoka ukutani, hamna shida. Na kwenye ripoti ingeonekana ina usahihi wa kujivunia. Bila kuifungua tusingejua kamwe.

Ila, na hapa wanafunzi msisinzie, kufunguka sio sawa na kuwa kweli. SHAP inakueleza modeli ilivyofikiri, haikuelezi ardhi ilivyo. Modeli mjinga itakupa maelezo safi kabisa ya ujinga wake, yenye rangi nyekundu na bluu, unaweka kwenye slaidi watu wanapiga makofi. Na vitu vinavyoambatana vinaisumbua, kwa mfano kama rola nzito kila siku inatumika kwenye changarawe na ndogo kwenye mfinyanzi, modeli haina namna ya kujua ni uzito au ni udongo, sifa itaigawa inavyotaka, leo kwa huyu kesho kwa yule.

Kingine ni hii miti, haiwezi kuvuka ilichokiona. Kama mtetemo mkubwa kuliko wote kwenye data zako ulikuwa 12, msitu wako hautakaa uje useme 15, hata ulete mashine ya kutisha namna gani, kwa sababu jibu lake ni wastani wa vitu vilivyowahi kutokea. Ni kama konda aliyezaliwa na njia ya Uyole na Mwanjelwa, nauli zote anazijua kichwani, mpe basi la Tunduma kwenda Dar uone.

Na kuna ujanja mmoja unafanyika sijui kwa makusudi au kwa kutojua. Mtu anapima kwenye eneo moja rola ikipita mara 400, anachanganya vipimo kama karata, 300 anafundishia na 100 anajaribia, anatoka anasema modeli yangu iko sahihi asilimia tisini na kitu. Kwa nini isiwe sahihi! Ni udongo ule ule, rola ile ile, dereva yule yule. Jaribio la haki ni kuficha eneo zima, unafundisha kwa maeneo mengine yote afu unaipeleka lile ambalo haijawahi kuliona. Namba inashuka, inauma, ila ndo namba ya kweli. Yaani ni swali la bibi lile lile, imewahi kufika hapa?

Tuje hapa kwetu. Mbeya tumekaa pale mabonde ya ufa yanapokutana, upande mmoja Rukwa, upande mwingine Usangu, na huku chini kuelekea Nyasa. Rukwa mwaka 1910 lilipiga tetemeko la ukubwa wa zaidi ya 7, moja ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki. Milima yetu, Rungwe, Ngozi, Kyejo, ni volkano, na chini ya miguu yetu maeneo mengi ni majivu na pamisi, vile vijiwe vyepesi ukivitupa kwenye ndoo vinaelea. Udongo wa namna hiyo una tabia zake. Ukienda Iringa mjini unakutana na mawe makubwa kama Gangilonga yametoka tu ardhini, na nyumba zimejengwa katikati yake, msingi wa huyu upo kwenye mwamba, wa jirani upo kwenye kifusi. Unawezaje kuchukua modeli iliyofundishwa na udongo wa Ulaya ukaileta hivi hivi?

Na nyumba pia. Hizo 5 za Mjerumani zinahusu nyumba za Wajerumani. Mimi sijaona kwenye viwango hivyo safu ya tofali la kuchoma lililounganishwa kwa matope na kupakwa saruji juu. Mafundi mnajua, saruji ni ngumu, matope ni laini, ukivaa shati la chuma juu ya mwili unaocheza, shati ndo linapasuka kwanza. Kwa hiyo ufa wa plasta unaweza kutokea mapema na ukuta wenyewe ukawa mzima, au kinyume chake, plasta ikaficha. Hapa Mbeya kuna kazi ya njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29 zinazopita katikati ya watu, maduka na nyumba huku na huku. Simlaumu mtu kwenye hiyo. Nasema tu hiyo ni darasa la kilomita 29, na vijana wa chuo pale Iyunga wapo karibu kuliko mtu yeyote. Tungepata vipimo vya hapa, vya udongo wa hapa na nyumba za hapa, tungekuwa na modeli ya kwanza ambayo ukiulizwa kama imefika unasema ndiyo, imefika, ilikaa pale kwenye duka la vifaa vya ujenzi siku kumi na nne.

Vifaa sio vya kutisha siku hizi. Jiofoni ni kasumaku na waya kwenye kikopo, kinakaa kwenye ardhi, unakifukia kidogo, sio unakiweka juu ya zulia kama nilivyoona mtu anafanya, zulia linakula mtetemo. Simu yako pia ina kihisi, ila kwa mitetemo midogo inasumbuka na kelele zake yenyewe, usiende nayo kwa mwanasheria.

Na wenyeviti, kabla mashine hazijafika mtaani, piteni na simu mpige picha kila ukuta, weka rula karibu na ufa, weka na gazeti la siku hiyo. Modeli nzuri kuliko zote haiwezi kukwambia ufa ulikuwepo jana au haukuwepo.

Nilirudi kwa bibi. Sio siku ile, ilichukua wiki mbili, nilikuwa naona aibu. Nilienda na kipande cha kioo chembamba, nikakibandika kwa plasta juu ya ule ufa, huku upande mmoja na huku upande wa pili, nikaandika tarehe kwa penseli. Ni kitu cha zamani sana, ufa ukitembea kioo kinapasuka. Rola ikaendelea kupita mwezi mzima na zaidi, kioo kizima. Mwezi wa saba kazi ikaisha kwenye kile kipande, mitambo ikahamia mbele huko kilomita nyingi. Kioo kizima.

Mwezi wa kumi bibi akapiga simu kupitia kwa mjukuu wake. Kioo kimepasuka.

Nikapanda basi nikaenda. Kweli, kimekatika katikati, nyembamba kama unywele. Hakukuwa na rola, hakukuwa na hata lori la kokoto. Ila ardhi pale uani ilikuwa imekauka imefunguka, vile mfinyanzi unavyofanya kabla ya mvua za kwanza, na mti wa parachichi mkubwa upo mita mbili kutoka kwenye ukuta unanyonya maji yote. Ule ufa wa kwanza inawezekana rola ilihusika, inawezekana haikuhusika, mpaka leo siwezi kuapa. Nilimweleza bibi hivyo hivyo, nikamwambia na fomu yangu ya mwanzo nimeiandika upya, nimefuta lile neno haihusiki.

Akaangalia kioo, akauliza, "Na hii nayo kompyuta inasemaje?"

Nikamwambia haisemi chochote bibi, kwenye lile jedwali hatukuweka safu ya kiangazi. Akaniambia kaa chini, akaenda kuniletea parachichi.

Haya, aliyenyoosha mkono pale nyuma, karibu.